Mwani Katika Nyumba ya Eda

Tangi lile nililichukia tangu siku lilipoingia sebuleni kwangu. Halikupita mlangoni. Mume wangu akabomoa fremu ya dirisha, dirisha nililolichagua mwenyewe, na wakalipitishia hapo yeye na vibarua wanne bila hata mmoja kunitazama usoni. Alikuwa fundi wa majokofu. Hoteli moja ya ufukweni Dar ilifungwa, na yeye aliyekuwa akiitengenezea mashine akarudi Morogoro na sanduku la kioo lenye urefu wa kitanda, pampu, taa za buluu na mapipa mawili ya maji ya bahari. Maji ya bahari, mtaani kwetu Kilakala, chini ya mlima! Majirani walikuja kuyachovya kidole na kuonja, wakaenda zao wakitikisa kichwa.

Ndani yake aliweka mawe, matumbawe hai na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Tumbawe moja alilileta likiwa dogo kama kidole gumba. Baada ya miaka kumi na moja lilikuwa kubwa kama kabichi, la zambarau, lina vidole vinavyopungapunga hata pasipo na upepo. Alilipenda. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo na nilikuwa nahesabu: kuna siku alizungumza nalo zaidi kuliko nami. Nikaliita tangi zima mke mwenzangu, na yeye akacheka, na mimi sikucheka.

Nilikuwa mwalimu wa kilimo sekondari. Nimefundisha watoto wa watu habari za udongo na mbolea mpaka nikastaafu, lakini nyumbani kwangu sikuruhusiwa kulifuta tangi vumbi. "Mikono yako ina sabuni," alikuwa akiniambia. Basi nikawa nakaa kwenye kochi na kuangalia kwa hasira. Mtu akiangalia kitu kwa hasira miaka kumi na moja anajifunza mambo mengi kuliko anayeangalia kwa mapenzi. Nilijua malori yanayopeleka mboga Dar hurudi matupu, na kwamba dereva mmoja alikuwa akimletea maji ya bahari kila mwezi. Nilijua pia kwamba maji ya tangi hupungua kila siku kwa mvuke, ila chumvi haiondoki, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji baridi, yasiyo na chumvi. Hayo aliyachuja kwa mashine iliyofungwa chini ya sinki la jikoni, tone kwa tone.

Kisha akafariki. Moyo. Alilala wiki tano, akaondoka Ijumaa asubuhi, na mimi nikaingia eda.

Asiyewahi kukaa eda asinieleze habari za upweke. Miezi minne na siku kumi, nguo isiyo na rangi, hakuna manukato, hutoki nje ya ua ila kwa dharura. Ili nisikae peke yangu, akaja kukaa nami wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, ambaye ameolewa Mgeta, juu kabisa, kwenye makabichi. Mama yao alikufa mapema, kwa hiyo huyu ndiye aliyembeba mume wangu mgongoni na kumlea. Hakuacha mtu asahau. Tangu nilipoolewa alinihesabu kama mtu aliyeazima kitu chake na kukiharibu, na kwa vile hatukujaliwa mtoto, alipata la kusema kila Idi.

"Nyumba za watu zina watoto," alisema mbele ya wageni wa msiba, huku akilitazama tangi. "Hii ina samaki."

Nilimkata jicho, akanikata na lake. Tulianza hivyo.

Wiki ya pili baada ya mazishi kioo kilipata utando wa kahawia. Nikaufuta kwa kitambaa. Wiki ya nne mawe yalikuwa na manyoya ya kijani, mafupi, laini, ambayo kwa mbali ukiyaona ungesema ni mapambo. Wiki ya tano manyoya yalikuwa nywele. Zilining'inia kwenye pampu, zikajisokota kwenye bomba, zikaanza kupanda kwenye tumbawe la zambarau kutoka chini, na kila kidole zilichokifunika kilijikunja na hakikufunguka tena. Mwani ule ulikuwa na tabia ya mgeni asiyeaga. Niliung'oa jioni, nikaukuta asubuhi.

Siku ya khitma ya arobaini ukoo ulikaa sebuleni kugawa vitu vya marehemu. Mambo makubwa hayakuleta ugomvi, dini ilishayapangia. Ubishi ulikuja kwenye tangi. Wifi akasema analitaka. Nikamwuliza alitake la nini, huko Mgeta atapata wapi umeme wa kuendesha pampu mchana na usiku. Akasema hataki pampu, anataka kioo. Binti yake anauza maandazi na sambusa njia panda, na kabati la kioo la ukubwa ule lingezuia nzi.

Maandazi! Nililichukia tangi lile, ndiyo, lakini nililichukia kwa haki yangu. Ndicho kitu pekee cha mume wangu kilichokuwa bado kinapumua. Shati lake haliwezi kupumua. Na zaidi ya hapo, niliwaona wote wanavyonitazama, wamekwisha kuamua kwamba mwanamke asiyeruhusiwa hata kulifuta vumbi hawezi kulifikisha popote.

Mjomba wao, mzee mtaratibu ambaye neno lake ndilo la mwisho katika ukoo ule, akalisogelea tangi, akainama, akatazama uchafu ule wa kijani kwa muda mrefu.

"Siku ya kutoka eda nitakuja," akasema. "Nikikuta vilivyomo viko hai na maji yanapitisha macho, tangi ni la mjane. Nikikuta bwawa, wifi yake alichukue akatie maandazi."

Wakati ule nilikuwa nimebakiwa na miezi mitatu kasoro siku chache.

Nikaanza vita. Kila asubuhi baada ya kunywa chai nilipandisha mikono na kuingiza mswaki ndani ya maji, nikasugua jiwe moja moja, nikazungusha nywele za mwani kwenye mswaki kama mtu anayekula tambi kwa uma, nikazivuta. Ndoo ilijaa. Mikono ilichunika kwa chumvi. Nikapunguza saa za taa. Halafu nikalifunika tangi zima kwa blanketi na kanga tatu siku tatu mchana na usiku, kwa sababu hakuna kijani kinachoishi bila mwanga, hata mtoto wa kidato cha kwanza anajua. Nilipofunua, mwani ulikuwa umefifia kidogo, na samaki walinitazama kwa lawama. Baada ya wiki moja ulikuwa umerudi na nguvu mpya. Nikamtuma dereva wa lori aniletee konokono wa baharini wanaokula mwani. Akaleta kumi na wawili. Walikula, siwasingizii, walikula mchana kutwa, lakini ilikuwa sawa na kutuma mbuzi wawili wakafyeke msitu.

Mwanga nilikuwa nimeupunguza. Basi ilibaki chakula. Kijani kinataka mwanga na kinataka chakula. Kama kimoja hakipo na bado kinaota, basi kuna mtu anakilisha. Na nilijua ni nani.

Nyumba ya msiba haina mtu anayeshinda njaa. Ndivyo tulivyolelewa: anayeingia anapewa sahani, awe ndugu au mpita njia. Tatizo ni kwamba watu wetu waliwahesabu na samaki. Katika zile siku arobaini sikupata kuona mgeni aliyepita mbele ya tangi bila kudondosha kitu. Punje za pilau, makombo ya mkate, bibi mmoja alitia kipande cha tende na kuwaambia samaki poleni. Wageni walipokwisha, akabaki wifi. Kila alfajiri, akimaliza kuswali, nilimsikia akifungua kopo la chakula cha samaki.

Siku moja nilimvizia. Alikuwa amesimama na kopo mkononi, anatia chakula kwa ncha za vidole huku midomo inamchezacheza.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nawalisha."

"Nilikwambia mara moja kwa siku mbili. Unataka kuniulia ili upate kabati la maandazi."

Jikoni walikuwepo majirani wawili waliokuja kututembelea mapema. Nilijua wapo. Nilipandisha sauti makusudi.

"Nalisha vya mdogo wangu," akasema, kwa ile lafudhi yao ya mlimani inayovuta neno mpaka mwisho. "Wewe hukuwahi kuvilisha hata siku moja."

Nikampokonya kopo. Nikalifungia ndani ya sanduku langu la nguo na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Tangu siku hiyo tuliishi kwa maneno mawili: shikamoo asubuhi, kwa kuwa yeye ni mkubwa, na marahaba. Alipika, nikala. Alienda sokoni, akarudi, akaweka kikapu mezani bila kuniambia bei ya nyanya. Wanawake wawili wazima, nyumba moja, na katikati yetu tangi linazidi kuwa kijani.

Maana liliendelea kuwa kijani. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Kopo liko kwenye sanduku, samaki wamekonda, taa zinawaka saa nne tu kwa siku, na mwani unaota. Nusu ya tumbawe la zambarau ilikuwa imeshafunikwa. Nilibaki na mwezi mmoja na nusu.

Hapa ndipo inapobidi niseme habari ya maji, na naisema kwa aibu, kwa sababu ni mambo ya kazi yangu. Siku chache baada ya msiba ile mashine ya kuchuja ya chini ya sinki ilikuwa imekoma kutoa hata tone. Vichujio vilikuwa vimeziba na mimi sikuwa naweza kutoka kwenda kutafuta vingine. Maji ya bomba yalikuwa yananuka dawa. Wifi akasema hakuna shida. Akapiga simu Mgeta, na tangu hapo lori la mboga likawa linatushushia madumu mawili kila Jumatatu, juu ya magunia ya kabichi: maji ya chemchemi ya kwao, pale pale alipozaliwa mume wangu. Unayakataaje? Maji ya kwa mume, yameletwa na dada wa mume, katika nyumba ya eda. Mtu akiyakataa hayo ajiandae kusemwa hadi kaburini. Na kusema kweli sikutaka kuyakataa. Yalikuwa baridi, meupe, mtu ukiyaangalia kwenye glasi unadhani glasi haina kitu. Kila jioni nilipima mtungi mmoja na kuyamimina kwenye tangi kwa mkono wangu.

Jumatatu moja dumu moja halikuingizwa ndani. Lilikaa barazani, juani, nyuma ya ndoo za kufulia, na sote tukalisahau. Lilikuwa dumu jeupe. Baada ya kama siku kumi nikahamisha ndoo nifagie, nikaliona. Lilikuwa kijani. Hapakuwa na samaki ndani, hapakuwa na wifi wa kutia chakula, hapakuwa na mgeni wa pilau. Maji matupu na jua, na ukuta wa ndani wa dumu ulikuwa umeota manyoya yale yale.

Nilikaa kwenye kizingiti na fagio langu. Nikaiona ile chemchemi kichwani kama nilivyoiona mara ya mwisho: iko bondeni, na juu yake matuta ya mboga yamepandana mpaka ukingo wa msitu, kabichi, karoti, njegere, na wifi yangu na watu wake wote wanamwaga samadi ya kuku na mbolea ya kukuzia mara mbili kila msimu ili mboga ziwahi soko la Dar. Mvua inanyesha, mbolea inashuka. Inashuka wapi? Nilikuwa nikiuliza swali hilo kwenye mitihani. Wanafunzi waliokosea niliwapa sifuri. Na mimi kila jioni nilikuwa nautilia mwani mbolea, mtungi mzima, na kumwita mwenzangu mwuaji.

Mtu mwema angemwita wifi yake, akamwonyesha dumu, akamwomba radhi kwa habari ya kopo. Mimi nilisafisha dumu, nikanyamaza. Sikuwa tayari kumwomba mtu yule radhi. Madumu yaliendelea kuja na niliendelea kuyapokea kwa asante, halafu nikayamwaga kwenye migomba nyuma ya choo, ambayo ilinenepa isivyowahi kutokea. Masika yalikuwa yameanza. Nikapanga masufuria na mabeseni katikati ya ua, mbali na bati, nikakinga maji ya mvua, nikayachuja kwa kitambaa, nikayatia ndani ya tangi. Nikaagiza mapipa mawili ya maji ya bahari, nikatoa maji ya zamani nusu na kuingiza mapya. Na mswaki, kila asubuhi.

Wiki mbili sikuona lolote. Wiki ya tatu nywele za mwani zikapauka. Zilikuwa zinang'ooka zenyewe, kwa vishungi, zinaelea, nazivua kwa chujio la chai. Konokono wakaanza kuonekana wana maana. Halafu asubuhi moja nikakuta kidole kimoja cha tumbawe, upande uliokuwa umefunikwa, kimefunguka. Nililia. Tangu azikwe sikuwa nimelia vile, na nililia nikimtukana yeye, mume wangu, kwa kutonifundisha.

Wifi aliona. Alisimama nyuma yangu na kikapu cha soko.

"Unaona sasa," akasema. "Maji ya kwetu yameanza kufanya kazi."

Niliendelea kuvua vishungi kwa chujio langu. Lakini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila aliyekuja kututembelea aliambiwa: maji ya Mgeta yamelisafisha tangi, maji ya kwetu hayana kifani. Mimi na mikono yangu iliyochunika tulikaa pembeni tukisikiliza. Kuna siku nilijiona ninalisugua jiwe kwa nguvu hadi mswaki ukakatika.

Siku ya kutoka eda mjomba akaja na wazee wawili. Nilioga, nikavaa nguo ya rangi kwa mara ya kwanza, nikawasha taa za buluu. Mzee aliinama vile vile kama mara ya kwanza. Mawe yalikuwa meupe na ya waridi. Robo ya tumbawe ilikufa, imebaki mifupa, lakini iliyobaki ilikuwa inapunga vidole vyake vyote. Samaki walikuwa wawili. Mjomba aliweza kumwona wifi yangu aliyesimama upande wa pili wa kioo, kupitia maji.

"Tangi ni la mjane," akasema.

Yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nimeshinda, na wifi wala hakubisha. Alitikisa kichwa, nadhani hata alifurahi kidogo. Akasema, "Nilisema mimi. Maji ya kwetu."

Nami nikamgeukia mbele ya wazee.

"Maji yenu ndiyo yaliyokuwa yanaliua," nikasema. "Nimeyamwaga nyuma ya choo mwezi na nusu sasa. Nimetumia ya mvua. Maji yenu yamejaa mbolea na samadi, mnajimwagia wenyewe huko juu halafu mnachota. Hayafai. Ni sumu."

Wazee walitazama chini. Wifi hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa kwenye kiti taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Maji ya chemchemi?"

"Ya chemchemi."

Akaitazama mikono yake. "Ndiyo niliyomnywesha," akasema.

Wiki zile tano za mwisho mume wangu alikuwa amekataa maji mengine yote. Alitaka ya kwao. Dada yake alishuka na chupa kila siku ya lori, akakaa kitandani, akamnywesha kwa kijiko, na hata asubuhi ya mwisho kilikuwa kijiko chake. Mimi nilikuwa mlangoni, nikiona wivu.

Mume wangu alikufa kwa moyo. Daktari alituambia sote wawili, tumesimama bega kwa bega kwenye korido. Mbolea inayootesha mwani haisimamishi moyo wa mtu mzima kwa wiki tano za vijiko. Hilo nalijua vizuri, na ningeweza kumwambia kwa sentensi moja. Mjomba aliinua macho akaningoja. Alijua kwamba katika chumba kile mwenye elimu ya mambo hayo ni mimi. Nilikuwa na hasira bado. Nilikumbuka neno lake la watoto na samaki, nilikumbuka maandazi. Nikaenda jikoni kuwaletea wazee chai, na niliporudi wifi alikuwa anafunga mzigo wake.

Aliondoka na lori alasiri ile ile. Nilimpa shikamoo, akaitikia.

Sasa ni mwaka wa pili. Tangi liko safi, tumbawe limefunika mifupa yake karibu yote. Namba ya wifi ninayo kwenye simu. Dereva wa lori bado ananiletea maji ya bahari, na mwezi uliopita nilimwuliza habari za Mgeta. Akasema wifi yangu hajambo, ila amezeeka ghafla, na ana jambo ambalo watu hawalielewi. Hachoti tena chemchemi ya nyumbani. Kila asubuhi anapita mbele yake na ndoo tupu, anapanda zaidi ya saa nzima hadi juu ya mashamba ya mwisho, msituni, na kushuka na maji kichwani. Umri ule. Wanawe wamemkataza, hasikii.

Nikamwuliza kama kuna aliyemwuliza sababu.

"Mimi mwenyewe nilimwuliza," akasema dereva. "Akanijibu kwamba mke wa mdogo wake ni mwalimu wa kilimo, na yeye ndiye anayejua."